Mtoto wa Opereta

4 Februari

Mama,

Shikamoo. Ulisema simu ni ya salamu na misiba, mengine yaandikwe, basi naandika. Hata mwandiko wangu umenishangaza, maana sijashika kalamu tangu nilipotia saini mkataba wa chumba hiki.

Nimeshinda. Si zile pesa za kununulia viatu, safari hii ni nyingi. Yalikuwa mashindano ya poka mtandaoni, maelfu ya watu, kila mmoja kwake na kompyuta yake, tukachujana mpaka tukabaki wawili. Ilikuwa mchana, jua limepiga pazia, nimevaa soksi moja. Mwenzangu aliweka kila alichokuwa nacho, nikamfuata, karata zikafunuliwa, kwisha. Kwenye skrini zikamwagika karatasi za rangi kama harusini. Nikanyanyuka nikaenda kuosha kikombe. Nilikiosha vizuri sana, Mama, mpaka chini kwenye kitako. Sikusikia kitu.

Sasa hapa ndipo ninapokuhitaji. Kampuni ya karata hailipi mkononi. Inaweka pesa kwenye pochi ya mtandaoni, na pochi inazipeleka benki, lakini lazima iwe akaunti yenye jina la mchezaji. Benki za huku zikiona pesa imetoka kwenye karata zinanuna. Moja ilishanifungia akaunti. Nimebaki na ile ya nyumbani, tuliyofungua mimi na wewe nilipokuwa naingia chuo, yenye majina yetu wawili. Nimezielekeza huko. Zimefika, ila benki imezishikilia mpaka mtu aeleze zimetoka wapi, na mtu mwenyewe ni wewe kwa kuwa uko hapo. Watakutuma ofisi ya kodi.

Ukifika, neno ni moja tu: bahati. Sema mwanao aliyeko nje ameshinda mchezo wa bahati. Sheria ya huko nyumbani iko hivi, aliyepata bahati nje ya nchi hakatwi, lakini aliyefanya kazi nje akaleta pesa anakatwa, na makato yenyewe ni ya kutoa machozi. Usiongeze maelezo, usimtetee mtu. Sema bahati, tia saini, ondoka.

Zikitoka hizo, naacha karata na narudi nyumbani. Nimesema.

Mwanao.


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo siku hizi lina maoni yake.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, kisha nikaisoma nimesimama. Najua unanicheka kwa habari ya simu. Lakini mimi nimekaa kwenye swichibodi tangu sijaolewa mpaka siku walipoleta mitambo isiyohitaji opereta. Nimesikiliza simu za mji mzima. Najua nani alimkana mtoto, najua nani aliuza kiwanja cha ndugu zake. Sitaki nami nisikilizwe na kabinti fulani kenye vidude vyake masikioni. Usiniambie kwamba siku hizi hakuna mtu katikati. Mtu hakosekani.

Sasa, wewe. Miaka yote hii umenipigia kelele kwamba hiyo ni kazi. Tuligombana juu yake hapa hapa mezani, ukaondoka chai haijanywewa, kwa sababu nilisema si kazi, ni kamari, na kamari mimi naijua. Marehemu baba yako alitoka hapa na saa mkononi akarudi na mkono. Ikafuata redio yangu. Ukaniambia wewe si yeye, wewe unapiga hesabu, unaamka kama watu wa ofisini, ni kazi kama kazi nyingine na iko siku nitaisema kwa mdomo wangu mwenyewe. Leo unanituma nikaseme bahati. Haya. Nimsikilize yupi, wa mezani au wa baruani?

Nitakwenda. Uongo ukiwepo, ni wako, mimi ni mbebaji tu.

Ila hiyo habari ya kikombe sikuipenda. Enzi zetu simu ya mbali ililipiwa kwa dakika, na muda ukiisha mimi ndiye niliyeingia katikati nikasema, "Muda wenu umekwisha," nikachomoa waya. Walinitukana sana. Waliokuwa wakiongea niliwaongezea dakika kidogo za wizi, hasa kama ni mtu na mama yake. Lakini walikuwepo wale wa kimya. Mtu kapiga, mwenzake kapokea, halafu basi. Hakuna anayesema, hakuna anayekata, pesa inakwenda, unasikia pumzi tu. Hao sikuwangojea muda uishe. Niliwachomoa. Sasa nikikusoma wewe nasikia pumzi tu.

Huko kurudi ni kurudi kweli? Nataka kujua kama nifungue madirisha ya chumba chako au niendelee kuanika nguo humo.

Mama yako.


5 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole na goti.

Wa mezani na wa baruani wote wanasema kweli. Ukitazama mgao mmoja wa karata, ni bahati. Ukitazama mwaka mzima, ni kazi. Watu wa kodi kila mahali hawajui watazame kipi, na sisi tunawaonyesha kile kinachotufaa. Usinifikirie vibaya, wachezaji wote ninaowajua wanafanya hivyo.

Unataka zaidi ya pumzi. Sawa. Naishi ghorofani, juu ya duka la fundi viatu. Nina skrini mbili, na kwenye kila moja nafungua meza kadhaa kwa pamoja. Watu wanadhani kazi yangu ni kushinda. Kazi yangu ni kutupa. Unaletewa karata, unazitazama, unatupa. Unaletewa nyingine, unatupa. Kutwa nzima natupa, nacheza chache sana. Zamani nikishinda moyo ulikuwa unagonga mpaka nasimama, nikipoteza natapika. Nikajifundisha kutosikia, kwa sababu anayesikia anacheza vibaya. Nikaweza. Kilichonishinda ni kurudisha kule kusikia jioni, kompyuta ikishazimwa.

Wiki iliyopita nilikwenda kung'oa jino. Daktari akanichoma sindano, akangoja, akanigusa shavu akaniuliza kama ganzi imeingia. Nilishindwa kumjibu. Ikabidi anichome tena ili awe na uhakika. Nimekuandikia kwa kuwa nadhani itakuchekesha.

Mtu ninayeongea naye ni fundi viatu wa chini. Anasema habari, nasema nzuri. Gundi yake inapanda mpaka kwangu, nguo zangu zote zinanuka gundi.

Ndiyo, ni kurudi kweli. Fungua madirisha.

Mwanao.


20 Machi

Mwanangu,

Nimeharibu. Nakuambia mwanzoni ili usisome kwa kutafuta.

Nilikwenda ofisi ya kodi nimevaa lile gauni la kijani la kuagwa kazini. Foleni mpaka nje, benchi moja lina miguu mitatu, feni inazunguka na upepo haushuki. Nilikaa narudia neno lako kimoyomoyo, bahati, bahati, kama mtoto aliyetumwa dukani. Aliyenihudumia ni binti mdogo, kucha ndefu, lakini adabu zake anazo, aliniamkia kabla sijaketi. Akafungua faili, akatoa karatasi zilizotoka kwa ile kampuni ya karata, akazigeuza upande wangu nizione vizuri. Pale kwenye mchezaji halikuwepo jina lako. Paliandikwa, Mtoto wa Opereta.

Nikamuuliza huyu ni nani. Akasema ndiye mwanangu, kwamba huko wachezaji hujipa majina. Nikamwomba anionyeshe na nyingine. Akanipa zote, ukurasa kwa ukurasa, mwaka kwa mwaka. Mtoto wa Opereta kaingia, Mtoto wa Opereta katoka. Miaka yote hiyo umekaa mbele za watu na jina la kazi yangu, na hapa kwetu hata simu nilikuwa sikupokei vizuri.

Nilikuwa bado natazama ndipo mzee mmoja wa meza ya pembeni, mwenye tai, akachungulia akacheka, akasema kumbe mtoto wa bibi ni mcheza kamari. Hakuniambia mimi, aliiambia ofisi. Mwanangu, mdomo haukuningoja. Nilisema, "Mwanangu hachezi kamari. Mwanangu anafanya kazi. Anaamka, anapiga hesabu, analipwa, na hachungulii meza za wenzake."

Mzee akarudi kwenye mafaili yake. Mimi nikakaa mgongo umenyooka, najiona mama wa mtu. Binti hakucheka. Aliniuliza polepole kama aandike kwamba ni kazi. Nami kwa kiburi nikamwambia andika, tena andika kwa herufi kubwa. Nikatia saini, nikaaga kwa madaha. Nilifika kwa mlinzi wa mlangoni ndipo nikakumbuka nilitumwa kusema nini.

Nilirudi mbio, goti na kila kitu. Akaniambia imeshaingia kwenye mtambo, ila ninaweza kubadilisha maelezo kabla Aprili haijaisha. Baada ya hapo wanakata. Akanionyesha watakachokata. Ni zaidi ya theluthi.

Niambie nifanye nini. Na niambie kwa nini hukuwahi kunitajia hilo jina.

Mama yako.


3 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimepiga hesabu. Wakikata hicho, kinachobaki hakitoshi kurudi nacho nikaanza maisha. Itabidi nicheze miaka miwili mingine.

Rudi ofisini. Mwambie yule binti ulikosea. Sema si kazi, ni kamari. Sema mwanao hana kazi yoyote, anakaa chumbani anacheza karata kama baba yake. Huna haja ya kutunga, tumia maneno yako ya zamani, yale ya mezani. Yalikuwa yamekaa vizuri.

Kuhusu jina. Siku ya kujisajili waliniuliza nijiite nani. Wengine wanajiita simba, wanajiita mfalme. Mimi sikupata kitu. Nikakumbuka shuleni walivyokuwa wakiniita, kwa kuwa ulikuwa unajua siri za wazazi wao wote. Sikudhani ungeliona.

Mwanao.


8 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kama hujaenda, usiende. Hii nimeilipia posta ya haraka ili iitangulie ile ya tarehe tatu.

Nimekwenda kwa mhasibu wa huku. Kuna jambo sikukuambia. Mimi huku sikusema bahati. Huku nilisema kazi. Nimejiandikisha kama mtu aliyejiajiri, nalipa kodi yao kila mwaka, na kibali changu cha kuishi kimeshikiliwa na neno hilo. Mgeni asiye na kazi hapewi kibali. Kwa hiyo nyumbani nilitaka iwe bahati ili nisikatwe, huku iwe kazi ili nisifukuzwe. Nilipomweleza mhasibu, alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akaniuliza kama nimemwambia mtu mwingine.

Anasema nchi hizi mbili zina mkataba. Ofisi zao za kodi zinaandikiana, ili mtu asikatwe mara mbili kwa pesa moja, na pia asikwepe pande zote mbili. Ulichosema wewe kwa hasira ndicho nilichosema mimi huku. Ukiacha kama kilivyo, wataona nimeshalipa huku, na huko watadai kipande kidogo cha kujazia. Ile theluthi haitakuwepo. Lakini ukienda kusema mwanao hana kazi, maneno yako yatatumwa huku, yatawekwa kando ya yangu, na kibali kitaondoka. Kosa lako limeniokoa, Mama. Usiliguse.

Jambo lingine. Kwa kuwa mambo yamekaa sawa, sitarudi mwaka huu. Mwakani kuna mashindano makubwa kuliko haya na nafasi yangu ni nzuri. Ni mwaka mmoja tu, au miwili. Nguo unaweza kuendelea kuanika.

Nilisoma tena pale uliposema ninafanya kazi. Nimelingoja neno hilo tangu nilipoondoka, unajua. Nilitaka kufurahi. Nilikaa kitandani nikingoja furaha ije kama mtu anayengoja lifti. Haikuja. Nikafungua kompyuta.

Mwanao.


27 Aprili

Mwanangu,

Nimekwenda. Nimefanya kama ulivyoniagiza kwenye barua ya tarehe tatu.

Binti alikuwepo. Mzee mwenye tai naye alikuwepo, nikangoja mpaka anyanyue uso. Nikasema kwa sauti yangu ya kazini, ile ya kupenya mikwaruzo ya laini, kwamba mwanangu hana kazi. Anakaa chumbani na pazia limefungwa, anacheza kamari, na baba yake alikuwa hivyo hivyo. Binti aliacha kuandika. Aliniuliza kama nina hakika, akasema siku ile niliongea vingine kabisa na yeye alipenda nilivyoongea. Nikamwambia andika. Akaniomba nirudie ili asikosee neno. Nikarudia. Mara ya kwanza niliweza kwa sababu nilijiandaa, ile ya pili hakuna aliyeniandaa.

Mzee hakucheka. Nilitamani acheke.

Pesa zimeachiwa zote, hazikuguswa. Nilipofika nyumbani nililivua gauni la kijani nikalikunja nikaliweka chini kabisa ya sanduku.

Jirani anakuulizia. Nimemwambia hujambo.

Mama yako.


20 Mei

Mama,

Shikamoo. Pesa nimeziona kwenye akaunti. Nilizitazama kidogo, nikafunga.

Wiki iliyopita niliitwa uhamiaji. Aliyenipokea ni mama mmoja mpole, ana mafua, kila baada ya sentensi anaomba radhi apenge. Alikuwa na maneno yako mezani, yametafsiriwa kwa lugha ya huku na kupigwa mhuri. Akanisomea. Kwa lugha yao yanasikika mepesi. Akaniuliza kama aliyesema haya ni mama yangu mzazi, nikasema ndiye. Akaniuliza kama mama yangu ni mtu wa kusema kweli. Nikamwambia hajawahi kusema kitu kingine. Akaandika, akapenga. Kibali hakiongezwi. Wamenipa mpaka katikati ya Juni niwe nimeondoka.

Usijilaumu. Barua yangu ya pili ilichelewa, hiyo posta ya haraka ni jina tu. Ungeipata mapema usingekwenda, najua. Nilijichunguza kama nimekasirika, sikuona. Kuna mahali pangekuwa na hasira, pamekaa kama chumba kilichohamwa.

Skrini nimemuuzia mwanafunzi wa ghorofa ya juu yangu, na kiti atakuja kukichukua mwingine. Nilimuaga fundi viatu. Alisema miaka yote alidhani mimi ni fundi wa kompyuta.

Pesa tunazo na sijui nakuja kufanya nini nazo. Nitafika, nitakaa, tutaona.

Mwanao.


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma unavyonitetea mbele ya posta. Iache posta.

Barua yako ya tarehe nane haikuchelewa. Aliileta mtu wa pikipiki, nikatia saini ya kuipokea mlangoni, na ile ya tarehe tatu ilikuwa bado haijafika. Niliisoma nikaielewa yote, kibali, mkataba, kipande cha kujazia, kila kitu. Sikuketi kwenye laini za mbali miaka yote ile nikawa mjinga wa mambo ya mbali. Nikaiweka chini ya godoro. Zilipita siku kadhaa ndipo ile ya tarehe tatu ikaja, nikaitia mkobani, nikavaa, nikaenda ofisini nikaifuata neno kwa neno.

Sitakuambia nilichanganyikiwa. Nilikuwa na akili zangu zote. Uliniandikia kwamba daktari alikuuliza kama una ganzi ukashindwa kujibu, ukadhani nitacheka. Uliniandikia umengoja furaha haikuja, ukafungua kompyuta. Ukasema mwaka mmoja au miwili kwa mwandiko ule ule uliosimulia kikombe. Nilikaa na barua hiyo mapajani mpaka chai ikapoa, na nilichosikia humo ni kile kimya ninachokijua. Laini iko wazi, pesa inakwenda, hakuna anayesema na hakuna anayekata. Nikaona nikikungoja ukate mwenyewe nitakufa nikingoja. Muda wako ulikuwa umekwisha, mwanangu. Nikachomoa waya.

Uliyokuwa ukifanya ni kazi. Nilijua hivyo siku nilipoliona lile jina, na leo bado najua. Kwa hiyo nilitia saini uongo, na safari hii uongo ulikuwa wangu. Nilikutukana mbele za watu, nikamtukana na baba yako kaburini mwake, ili nikupate. Ningeweza kunyamaza na wewe ukaendelea kuilaumu posta mpaka mwisho wa maisha yetu. Lakini kimya cha namna hiyo nilishakikata kwa wengine, siwezi kukifuga ndani ya nyumba yangu.

Siombi unisamehe. Ukifika ukaamua kushukia kwingine, nitasikia uchungu na nitaelewa. Madirisha nimeyafungua.

Opereta.


14 Juni

Mama,

Sikuamkii.

Nimesoma barua yako nimesimama, masanduku yamefungwa. Nikaisoma tena nimekaa sakafuni, kwa kuwa kiti wameshakichukua. Ulikuwa nayo. Ulitia saini mlangoni ukaipokea, ukailalia, kisha ukavaa gauni la kuagwa ukaenda kunimaliza kwa kalamu ya serikali. Nikamwambia yule mama wa uhamiaji kwamba mama yangu husema kweli! Nilimwambia hivyo kwa uso mkavu, na nilikuwa naamini.

Nani alikupa ruhusa? Mimi si simu ya mtu. Chumba hiki kilikuwa kibovu lakini kilikuwa changu. Hicho kimya unachokisema nilikijenga mwenyewe, kidogo kidogo, kilinila ujana, na wewe umekibomoa kwa saini moja halafu unaniambia madirisha yako wazi. Madirisha!

Nimekasirika. Tazama mistari inavyokwenda, ni mkono unatetemeka, sijui nilipoteza lini mkono wa kutetemeka. Niliupiga mlango teke mpaka fundi viatu akapanda mbio kuuliza kuna nini. Nikamwambia ni mama yangu. Nikataka kumweleza, badala yake nikaanza kulia mbele yake, mtu ambaye miaka yote ni habari na nzuri tu. Alinishika bega kwa mkono wake wa gundi akakaa hapo mpaka nilipomaliza, kisha akashuka akaniletea maji. Pale pa jino panauma. Tangu niling'oe hapajawahi kuuma, leo panauma mpaka sikioni.

Ningekupigia, lakini simu yako ni ya salamu na misiba, na salamu sina. Huenda nikafika kabla ya karatasi hii. Ikitangulia, uisome na ujiandae. Nashukia kwako, sishukii kwingine. Nina maneno mengi, ya karata, ya baba, ya ile chai niliyoiacha mezani, na nitayasema kwa sauti, jirani akitaka aje na kiti chake asikilize.

Nikianza, usinikate.

Mtoto wa Opereta.